Miaka mitatu katika chuo kidogo cha binafsi Mtwara: uzoefu wangu

Kila dirisha la udahili likifunguliwa, wadogo zangu wa Newala na Tandahimba hunipigia simu na swali lilelile: dada, tuombe chuo kidogo cha binafsi pale Mtwara mjini, au tukazane twende Dar es Salaam na Dodoma? Mimi nimesoma hapo shahada ya ualimu, Historia na Jiografia, na nimemaliza. Huwa nawajibu hivi: kama ada yako inatoka kwenye korosho na kweli unataka kuwa mwalimu, omba. Kama hujaamua unataka kusomea nini, tulia kwanza, kwa sababu kozi ni chache na ukishaingia huna pa kuhamia.

Nianze na ada, maana ndiyo inayowatisha wazazi. Muhula wa kwanza unaanza Oktoba au Novemba, na huo ndio wakati minada ya korosho inapoanza kuchangamka. Mzee keshapeleka magunia AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, mzigo umeshafika ghala kuu, pengine umeshauzwa, lakini hela haijaingia benki. Mtu asiyetoka kusini haelewi jambo hilo, anaona tu mzazi hana kitu. Mhasibu wa chuo chetu alilielewa bila kuelezwa, maana waliojipanga kwenye foleni nyuma yangu walikuwa na habari hiyohiyo. Nilimpa stakabadhi ya baba, akaisoma yote, kilo na daraja la korosho, kisha akanipa karatasi nijaze: kidogo sasa, kikubwa kabla ya Krismasi, kinachobaki muhula wa pili. Akagonga muhuri, nikasajiliwa palepale. Mwenzangu niliyesoma naye sekondari alikuwa chuo kikubwa mkoa mwingine, na mwaka huohuo alizuiwa kuingia kwenye mtihani kwa deni dogo kuliko langu. Niliumia sana kwa ajili yake.

Kwenye mikopo nako udogo wa chuo ulitusaidia. Binti niliyekaa naye chumba kimoja alifiwa na baba, na awamu ya kwanza majina yalipotoka lake halikuwemo. Afisa mikopo alimtafuta yeye, akamwonyesha kwamba cheti cha kifo kilikuwa bado hakijahakikiwa RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo. Dirisha la rufaa lilipofunguliwa akakaa naye kwenye kompyuta mpaka fomu ikakamilika, na mkopo akapata. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 posho ya chakula na malazi imepanda kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku, na kwa Mtwara bumu hilo (ndivyo tunavyoiita posho) linakufikisha mbali: wali na samaki kwa mama ntilie, mihogo ya kukaanga jioni, na geto, yaani chumba cha kupanga, Magomeni au Chikongola, ambako unaweza kwenda chuo kwa miguu au kwa bodaboda ya bei ndogo. Ila kumbukeni, wadogo zangu, mkopo ni deni. Ukiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara inakatwa kila mwezi.

Kuhusu mageto sina mengi. Kagueni maji kabla ya kulipa. Mwenye nyumba wangu wa kwanza alichukua kodi ya miezi sita mkononi, na bomba alilonionyesha halikutoa maji hata siku moja.

Kilichonifanya niwe mwalimu ni fildi, yaani mazoezi ya kufundisha. Nilipangiwa shule ya kata juu kule kwenye uwanda wa Wamakonde, kidato cha pili, darasa limejaa hadi mlangoni, vitabu vichache vya kuhesabika. Nilikuwa nafundisha kusoma ramani, nimechora kontua ubaoni, pale msimamizi wangu kutoka chuoni alipoingia, vumbi jekundu limemjaa hadi kwenye nyusi. Hakutaka kiti cha mbele. Alijibana kwenye benchi la mwisho kati ya wanafunzi wawili, akafungua andalio langu la somo na kukaa mpaka kengele ikalia. Tulipofika ofisi ya walimu hakuanza na alama. Aliniambia, "Unauliza swali zuri, halafu unalijibu mwenyewe. Ukiuliza, hesabu kimoyomoyo mpaka tano." Akanionyesha kwenye karatasi yake: kila swali nililojijibu alikuwa ameliwekea alama ya mkasi. Baadaye alirudi, akakaa benchi lilelile, na safari hiyo wanafunzi ndio waliokuwa wanajibu. Nimewauliza wenzangu wa vyuo vikubwa. Wengi walikaguliwa na mtu asiyewajua, dakika chache, saini, akaondoka.

Na kwa anayesoma Historia na Jiografia, kusini kwenyewe ni maktaba. Mikindani iko jirani tu, na lile Boma la Wajerumani la mwaka 1895, na ni hapo Livingstone alipoanzia safari yake ya mwisho mwaka 1866. Kilwa Kisiwani iko mkoa wa Lindi, urithi wa dunia tangu 1981. Naliendele ndipo kilipo kituo cha utafiti wa korosho, na siku tuliyotembelea vitalu vyao nilielewa kilimo cha baba yangu kuliko nilivyowahi kukielewa shambani.

Maktaba ya vitabu sasa ndiyo inayonisikitisha, na nasema hivi kwa sababu nakipenda chuo kile. Kitabu kimoja cha rejea, darasa zima linakisubiri. Tuliishi kwa vitini na kopi za steshenari, na wenye bidii walikwenda maktaba ya mkoa. Intaneti ilikuwa inasuasua hasa wiki za kazi mradi. Waajiri hawaji wenyewe kama wanavyokwenda Dar, na waliotutangulia ni wachache, kwa hiyo usitegemee kwamba utakuta mtu wenu kila ofisi. Kwa ualimu hilo limepungua makali: siku hizi nafasi za serikali zinaombwa kupitia Sekretarieti ya Ajira, na usaili wa maandishi ni uleule kwa aliyetoka chuo chochote. Anayetaka benki au mashirika ya Dar, huko ndiko atakakoliona pengo.

Kabla ya kuthibitisha udahili, fungua mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) uone kama kozi unayoitaka imo chini ya jina la chuo hicho, kisha nenda mwenyewe ofisi ya uhasibu ukaulize kama wanapokea ada kwa awamu. Wakikubali, omba wakuandikie na kugonga muhuri.