Uchambuzi: Siku Nne za Mke na Mume Mjini Apia, Samoa

Ndugu watazamaji, habari za wakati huu na karibuni. Leo sichambui simu wala jiko la gesi kama mlivyozoea, nachambua safari. Mimi na mume wangu, Watanzania tunaoishi Auckland nchini New Zealand, tulikwenda Apia, mji mkuu wa Samoa, tukafika Ijumaa na kuondoka Jumanne, na kila kitu tulikilipia wenyewe. Swali ninalotaka kulijibu ni moja: je, mji wa Apia wenyewe unastahili safari, au ni mahali pa kushukia ndege tu kabla ya kukimbilia hoteli za ufukweni? Jibu langu ni kwamba unastahili, ila kwa sharti kwamba Jumapili iwe ndani ya siku zenu, na nitaeleza kwa nini, ingawa najua kwamba wasafiri wengi huikwepa siku hiyo.

Nianze na malazi, kwa sababu ndiyo sehemu iliyotuumiza. Nyumba ya kwanza tuliyoilipia ilitangazwa kuwa iko katikati ya mji na ikatuahidi gari la kutupokea. Uwanja wa ndege wa Faleolo uko umbali wa kilomita zipatazo 35 magharibi mwa Apia, kwa hiyo ahadi ya gari si jambo dogo. Gari halikuja, simu haikupokelewa, tukachukua teksi. Na tulipofika tukakuta nyumba iko juu mlimani, mwendo wa karibu saa nzima kwa miguu hadi baharini. Chumba kilikuwa safi na kiyoyozi kilifanya kazi, lakini kwa watu wenye siku nne tu, umbali huo unakula nusu ya safari. Siku ya pili tulihamia nyumba ndogo ya wageni inayoendeshwa na familia, karibu na barabara ya Beach Road inayofuata ukingo wa bandari. Kitanda kilikuwa cha kawaida, hakukuwa na bwawa la kuogelea, na maji ya moto yalichelewa kuja. Hata hivyo, kutoka mlangoni tuliweza kutembea hadi sokoni, kanisani na kwenye mnara wa saa. Kama mnalinganisha bei, lipieni mahali nyumba ilipo kabla ya kulipia bwawa.

Barabara ile ya kutoka uwanja wa ndege nayo ina thamani yake. Inapita kijiji baada ya kijiji, na karibu kila kijiji kina kanisa kubwa na fale, yaani nyumba isiyo na kuta, yenye paa, nguzo na sakafu iliyoinuliwa, na mvua inapokuja watu huteremsha mapazia ya makuti yaliyosukwa. Mtu wa pwani yetu akiona makuti yale hahitaji maelezo. Magari huendeshwa upande wa kushoto kama kwetu, lakini ni tangu tarehe 7 Septemba 2009 tu. Kabla ya hapo walikuwa upande wa kulia, desturi iliyoachwa na watawala wa Kijerumani, na serikali ilibadilisha ili wananchi waweze kununua au kutumiwa magari ya bei nafuu kutoka New Zealand, Australia na Japani. Miaka miwili baadaye nchi hii ilibadilisha hata kalenda: watu walilala Alhamisi tarehe 29 Desemba 2011 wakaamka Jumamosi tarehe 31, ili siku zao za kazi zilingane na za nchi wanazofanya nazo biashara. Leo Apia iko mbele ya Dar es Salaam kwa saa 10, kwa hiyo mkitaka kupiga simu nyumbani, subirini jioni.

Jumamosi asubuhi tulikwenda soko la Fugalei. Hapa nawaomba mnivumilie nikikaa kidogo, kwa sababu sijapata kuona mahali mbali na kwetu panapofanana na kwetu kiasi hiki. Magimbi yalikuwa yamefungwa mafungu mafungu, mashelisheli, nazi, mikungu ya ndizi mbichi, na kakao iliyokaangwa na kutwangwa ikagandishwa kuwa donge, ambayo huchemshwa kwa maji na sukari na kunywewa pamoja na chembechembe zake. Wenyewe huiita koko Samoa. Ni kinywaji kizito, chenye uchungu wa kupendeza, na kwa maoni yangu kinashinda kahawa yoyote tuliyoinywa mjini. Tulikula pia oka, samaki mbichi aliyekatwa vipande na kuchanganywa na ndimu, kitunguu na tui. Mume wangu, ambaye kwa kawaida hagusi samaki mbichi, alimaliza bakuli lake. Mikeka mizuri inasukwa kwa majani ya mkadi, na nguo ya kujifunga kiunoni inayoitwa lavalava huvaliwa na wanaume kwa wanawake. Mume wangu alikuwa amefunga kikoi, na muuzaji mmoja mwenye umri wa mama yangu alikishika upindo, akakisifu, akauliza kimefumwa wapi.

Fedha yao ni tala, na dola moja ya Marekani hupata zaidi ya tala mbili na nusu. Bebeni fedha taslimu, kwa sababu sokoni na kwenye basi kadi haina kazi. Basi lenyewe lina bodi la mbao lililopakwa rangi kali, muziki uko juu, halina ratiba ya kubandikwa ukutani, na likijaa, abiria hupakatana bila kuoneana haya. Aliyezoea daladala hatashangaa sana, isipokuwa kwa huko kupakatana. Kwa nauli ndogo tulifika Vailima, juu kidogo ya mji.

Vailima ni nyumba aliyoishi mwandishi wa Kiskoti Robert Louis Stevenson hadi alipofariki tarehe 3 Desemba 1894, na tangu 1994 ni makumbusho. Wasamoa walimwita Tusitala, mwandishi wa hadithi. Ina vyumba vikubwa vya mbao na, jambo lililotushangaza, mahali pa kuotea moto katika nchi ya joto. Baada yake, nyumba ilikuwa makazi ya gavana wa Kijerumani, na hapo ndipo historia ilipotugusa sisi wenyewe: Heinrich Schnee, aliyewahi kuwa naibu wa gavana hapa Samoa, ndiye aliyetumwa Dar es Salaam mwaka 1912 na kuwa gavana wa mwisho wa Kijerumani katika nchi yetu. Majeshi ya New Zealand yaliichukua Samoa bila mapigano mwezi Agosti 1914, wakati kwetu Vita vya Kwanza vya Dunia vilidumu hadi 1918. Kaburi la Stevenson liko kileleni mwa mlima Vaea. Kuna njia fupi yenye mwinuko mkali na njia ndefu iliyo laini zaidi. Pandeni asubuhi, chukueni maji, na kama mvua imenyesha, chagueni ile ndefu.

Sasa niseme kuhusu Jumapili. Ni kweli kwamba maduka mengi hufungwa, mabasi hayaonekani, na mtu aliyekuja kutafuta matembezi atajiona amepoteza siku. Lakini kabla ya jua kupanda, moshi ulikuwa umeshaanza kuinuka nyuma ya nyumba. Ni moshi wa umu, tanuri la mawe yanayokokewa moto juu ya ardhi, kisha chakula hupangwa juu yake na kufunikwa kwa majani ya migomba. Kazi hiyo ni ya vijana wa kiume. Tuliwakuta uani wamekalia kigoda chenye jino la chuma wakikuna nazi, yaani mbuzi kama wa kwetu, na machicha wakayakamua kwa nyuzi za gome la mti, kazi ile ile ya kifumbu. Tui hilo zito hufungwa ndani ya majani machanga ya magimbi, na hiyo ndiyo palusami.

Mama mwenye nyumba alituuliza kama tungependa kwenda nao kanisani. Akamtazama mume wangu na kikoi chake, akaenda ndani, akamletea lavalava rasmi ya rangi nyeusi, yenye mifuko, ambayo wanaume wa huku huivaa hata ofisini. Kanisa lilijaa watu waliovaa nguo nyeupe, wanawake wakiwa na kofia, na waliimba kwa sauti nne bila kutazama karatasi. Sikuelewa maneno, lakini nililia, na sioni sababu ya kuwaficha. Baada ya ibada tulikaa chini na familia kwa chakula cha mchana, tukakunja miguu, kwa kuwa kumnyooshea mtu nyayo ni utovu wa adabu. Wageni walipakuliwa kwanza, watoto walisubiri. Palusami ile, kwa shelisheli la kuchoma, ndiyo chakula bora kuliko vyote tulivyokula safarini, na hakuna mkahawa unaoiuza ikiwa na ladha hiyo.

Mawili ya haraka kwa wanaopanga safari. Samoa haina malaria, lakini homa ya dengue ipo, na mbu wake huuma mchana, kwa hiyo pakeni dawa hata mnapokwenda sokoni. Na mwenye pasipoti ya Afrika Mashariki aulizie mapema viza ya kupita New Zealand, Australia au Fiji, kabla hajalipa tiketi.

Sisi tumeshaweka akiba ya kurudi. Tutakaa siku zote nyumba ile ile ya familia, na mama ameniahidi kwamba Jumamosi jioni atanifundisha kufunga palusami, kwa sharti kwamba nami nimpelekee kikoi.