Konekta za kubana za waya wa TV: nimezijaribu hapa Mombasa

Kama wakaa upande wa bahari, Nyali ama Bamburi ama Likoni, washajua chuma hapa hakidumu. Sasa nimebadilisha konekta zote za waya wa TV nyumbani, vile vichwa vya chuma vya mwishoni mwa waya, nikaweka zile za kubana kwa koleo, za waya aina ya RG6, nilizipata kwa duka moja la vifaa vya umeme pale Mwembe Tayari, na kusema kweli tofauti ipo.

Zile za kuzungusha na mkono, ambazo mafundi wengi hutembea nazo mfukoni, shida yake zang'ang'ania plastiki ya juu tu, zile nyuzi za chuma zilizo chini yake za kukinga signo hazigusani sawasawa na konekta, halafu hewa ya chumvi ikiingia hapo ndo basi, ukija kufungua wakuta unga mweupe. Na penye mwanya ndipo signo yako yavuja nje na takataka za nje zaingia ndani. Antena ya dijitali yashika 470 hadi 694 MHz, mnara wa 4G wa 800 MHz uko hapo jirani tu, na waya wa dishi ndo balaa zaidi maana wabeba 950 hadi 2150 MHz, kwa hivyo simu za 1800 MHz zimekaa katikati yake kabisa. Ndo maana chaneli zingine zaganda na zingine ziko poa, fundi aja akwambia nunua busta. Busta ya nini bana, si itakuza na kelele zote!

Hizi za kubana zina kampira ndani ka kuzuia maji na ukishabana hata uvute waya haichomoki. Chaneli zilizokuwa zakatakata jioni zimetulia, busta nimeitoa.

Ila si za kuweka ovyo. Waya wa RG59 ni mwembamba kuliko RG6, utalegea humo. Ukichuna waya usiache hata unyuzi mmoja uguse ile shaba ya katikati, hiyo ni shoti, dekoda haitaona kitu. Kwa nje funga tepu ya mpira ile yajishika yenyewe, sio nyeusi ya umeme, jua letu laiyeyusha gundi wiki mbili tatu yabanduka, na waya uache ushuke chini kidogo kabla ya kuingia ukutani, mvua idondokee hapo.

Bei ni mara kadhaa ya zile za kawaida, na koleo lenyewe ghali, kwa konekta nne tano haina maana ununue. Mimi kijana wa duka alinikodishia, nikaacha kitambulisho, muungwana sana yule. Kilichonikera ni kwamba vile vifuniko vya ohm 75 vya kuziba tundu zisizotumika za splita, kile kidude cha kugawa waya mmoja kwa TV kadhaa, hawana kabisa, na nikiuliza naambiwa "hizo hazina wateja".