Kompyuta ya baiskeli yenye GPS na njia ya kwa shangazi

Nina miezi saba sasa na kompyuta ya baiskeli yenye GPS, kile kifaa kidogo cha kwenye usukani kinachoonyesha njia. Niliinunua kwa shilingi milioni moja na laki mbili, pesa nilizozichanga muda mrefu, na nilitaka ifanye kazi moja sawasawa: inifikishe ninakokwenda. Mambo ya mapigo ya moyo na kasi hayanihusu sana. Chapa sitaitaja, kwa sababu haya nitakayoeleza nimeyakuta pia kwenye kompyuta ya mwenzangu, ya kampuni nyingine kabisa.

Naishi Tororo, Uganda. Safari yangu kubwa ni ya kwa shangazi, karibu na mashamba ya mpunga ya Doho, wilaya ya Butaleja. Kwake ukiuliza njia utaambiwa pita senta (pale penye maduka), shika kushoto penye mwembe, ukifika kanisani uliza tena. Kompyuta haijui mwembe. Niliandika Nagongera, ikaja. Busolwe, ikaja. Senta ya kwa shangazi haimo. Sehemu ya kujaza jina la mtaa na namba ya nyumba sijaigusa tena, vijijini kwetu haina kazi.

Zikabaki nambari za latitudo na longitudo, zinazoonyesha mahali palipo duniani. Binamu yangu alisimama uani kwao akanitumia zile zilizoonekana kwenye simu yake, na hapa naomba msome polepole maana ndipo watu wengi wanapopotea. Simu huandika digrii zenye desimali, kwa mfano 0.93 na 34.03 kwa eneo la Doho. Kompyuta yangu ilitoka dukani ikiwa imepangwa kusoma digrii na dakika (dakika 60 ni digrii moja). Ukiandika dakika 93 inakataa, maana dakika hazifiki 60, na utajua kuna kosa. Lakini 34.03 ukiiandika digrii 34 na dakika 3 inakubali bila neno, kumbe desimali huzidishwa kwa 60, na dakika sahihi ni 1.8. Hapo umeshakosea zaidi ya kilomita 2. Kwenye lami kilomita 2 si kitu. Kwenye mpunga ni mifereji mingapi ya kuvuka! Ingia kwenye mipangilio, uiambie isome desimali kama simu, kabla hujafanya lolote lingine.

La pili ni N na S, yaani kaskazini na kusini ya ikweta. Ikweta inapita ndani ya nchi yetu: Tororo, Jinja na Kampala ziko kaskazini yake, Masaka na Mbarara kusini. Mara ya kwanza nilichagua S badala ya N, alama ya kwa shangazi ikaenda kukaa ndani ya Ziwa Victoria. Mtu wa Ulaya akikosea hivyo alama yake inaruka maelfu ya kilomita hadi kusini mwa dunia na anashtuka mara moja. Sisi tunahama kilomita mia mbili tu, na usipoitazama ramani vizuri unaweza kuanza safari.

Baada ya kuyarekebisha hayo nikachagua njia fupi, nikatoka. Ilikuwa Mei, mvua zimekolea. Baada ya Nagongera kompyuta ilinitoa kwenye njia kubwa, badala ya kunipitisha Busolwe na Butaleja. Marram, barabara ya changarawe isiyo na lami, ikawa njia ya ng'ombe, njia ya ng'ombe ikawa tuta. Kwenye skrini mstari ulikuwa umenyooka kama rula, umeandikwa nyoosha kilomita 1.4. Chini ya gurudumu kulikuwa na tuta la udongo lenye upana wa jembe, maji kushoto, maji kulia, na mbele tuta lenyewe limekatika. Nilibeba baiskeli begani.

Mzee mmoja alikuwa anapalilia. Nikamwamkia, "Habari ya kazi, mzee?"

"Nzuri. Unakwenda wapi, kijana?"

Nikamweleza. Akatazama ile skrini, akatazama tuta. "Hapa wanapita wenye mashamba, kiangazi. Rudi mpaka senta, uulize njia ya darajani."

Nikarudi, na njia nzima kompyuta ikawa inalia inataka nigeuke. Usiposimamisha uongozaji, kila ukisogea inapiga hesabu upya na kukurudisha palepale kwenye tope.

Nimefikiri sana kwa nini ilinipeleka huko. Ramani iliyomo ndani imetokana na OpenStreetMap, ambayo watu wanaojitolea huichora, mara nyingi kwa kufuata picha za setilaiti. Ukiwa juu, tuta la Doho limenyooka kuliko barabara zetu nyingi. Aliyelichora hakudanganya, njia ipo. Kompyuta ndiyo haijui kwamba mwezi wa Mei njia hiyo iko chini ya maji.

Siku hizi siiachi ichague yenyewe. Jioni nachora njia kwenye simu, naweka vituo vya lazima, Nagongera, Busolwe, Butaleja, kisha naihamishia. Ikiwa na njia iliyochorwa hivyo, naisifu kwa moyo wote. Kwenye njia panda isiyo na kibao mshale unatokea mapema, nikikosea inalia kabla sijafika mbali, na haihitaji mnara wala data, kwa kuwa inapokea tu mawimbi ya setilaiti. Simu niliyokuwa nafunga kwenye usukani ilikuwa inazima chaji kabla ya kurudi. Hii inakwenda na kurudi na betri inabaki zaidi ya nusu.

Vumbi inalivumilia, ila kile kifuniko cha mpira cha tundu la chaji kifutwe kila safari. Mvua ikiinyeshea skrini, matone yanabonyeza yenyewe. Nunua yenye vitufe pembeni.

Nilipofika kwa shangazi safari ile ya Mei, miguu tope hadi magoti, nilisimama chini ya mwembe wake nikahifadhi mahali pale kwa jina lake. Tangu hapo sijaandika nambari yoyote. Nachagua jina la shangazi, naunganisha na njia yangu ya Busolwe, naondoka. Nyota nne.