Kujifunza Kikorea ukiwa mwongoza watalii: uzoefu wangu

Moshi na Arusha lugha ni mtaji. Sisi waongoza watalii wenye Kiingereza peke yake tumejaa, na ofisi isipokupata hewani inampigia mwingine hapo hapo. Mwenye Kijerumani, Kihispania au Kifaransa analipwa zaidi kwa siku na ofisi zinamgombania. Mimi nikachagua Kikorea kwa hesabu hiyo hiyo: Wakorea wanakuja, wengi wakipitia Addis Ababa au Doha, na wenyeji wanaoweza kuongea nao ni wachache mno. Nimeshakitumia mlimani na mbugani misimu kadhaa, kwa hiyo naongea nikiwa nimekionja.

Nianze na wageni wenyewe. Korea Kusini ni nchi ya wapanda milima. Mlima wao mrefu kuliko yote, Hallasan wa kisiwa cha Jeju, una mita 1,947 tu, ila watu wazima wenye wajukuu wanaupanda na kushuka siku hiyo hiyo. Wakifika kwetu miguu wanayo, na vifaa vyao vinawatia wivu hata wagumu wetu, yaani wapagazi. Wasichokuwa nacho ni mazoea ya hewa nyembamba. Ukimwambia mzee wa namna hiyo kwa Kiingereza apunguze mwendo, anatabasamu na kuendelea kukanyaga. Ukimwambia kwa lugha yake, kwa heshima inayolingana na umri wake, anapunguza. Jioni kambini ndipo nilipoona faida halisi: kuuliza kama kichwa kinauma, kama amekula, kama ametapika, na kupata jibu la kweli. Wengi huficha dalili wasije wakaonekana wanawachelewesha wenzao. Kwa Kiingereza jibu ni "okay" mpaka mtu aanguke.

Halafu kuna hili ambalo hakuna darasa lililonifundisha. Wakorea wa rika la wazazi wetu karibu wote wanaufahamu wimbo wa mwimbaji wao Cho Yong-pil wa mwaka 1985 unaomtaja chui wa Kilimanjaro. Baadhi yao wameubeba mlima huu kichwani tangu ujana kwa sababu ya wimbo huo. Jifunze kiitikio. Mwisho wa safari utaniambia tipu ilikuwaje.

Ugumu wake sasa. Herufi hazina shida kabisa. Za msingi leo ni 24, na mfumo wake ulitangazwa mwaka 1446 chini ya mfalme Sejong ili hata mtu wa kawaida asome, na kweli zinasomeka haraka. Wengi wanadanganyika hapo. Baada ya herufi unakutana na kitenzi kinachokaa mwisho wa sentensi, na viambishi vinavyofuatana nyuma yake. Kwa hilo Mswahili ana nafuu, maana tumekua tukijenga kitenzi kirefu kwa vipande bila kutoa jasho. Daraja za heshima nazo hazikunisumbua. Aliyelelewa kwa shikamoo anajua kwamba mkubwa hasemeshwi kama rika lako.

Kilichonitesa ni namba. Wana seti mbili: saa unazitaja kwa namba zao za kienyeji, dakika kwa zile zenye asili ya Kichina, na pesa vilevile. Ongeza na saa yetu ya Kiswahili. Usiku wa kuelekea kileleni tunaondoka kambi ya Barafu saa sita, kwao ni 12, na wewe kichwa chako kimeganda kwa baridi. Zoezi hilo lifanye mapema na kwa sauti.

Njia nilizopitia hazikuwa na thamani sawa. Duolingo inafaa kwa herufi na kuua muda kituoni, basi. Kozi ya mwanzo ya Chuo Kikuu cha Yonsei iliyoko Coursera ni bora zaidi, mimi niliifuata bure, na mwalimu anatamka taratibu. Nililipia pia darasa la jioni mjini, na kwa hilo ningetoa nyota mbili: tulikuwa wengi, tulisoma sentensi kwa pamoja kama kwaya, na ilikuwa nadra mtu kuombwa afungue kinywa peke yake. Vijana waliokuja kwa ajili ya tamthilia za Kikorea waliridhika. Mimi nilihitaji kuongea.

Kilichonivusha ni kubadilishana lugha. Kule Korea, Chuo Kikuu cha Hankuk cha Lugha za Kigeni kinafundisha Kiswahili, na wanafunzi wake wanatafuta watu wa kuongea nao kwa hamu kuliko sisi tunavyowatafuta wao. Nusu saa Kiswahili, nusu saa Kikorea, gharama yake bando tu. Unapata matamshi ya leo, unasahihishwa bila kuonewa haya, na unapata mtu wa kumuuliza kwa nini mgeni fulani alikunja uso. Nyota tano.

Swali ninaloulizwa kila mara ni kama simu haijamaliza kazi hii. Programu ya kutafsiri ya Papago, ya kampuni ya Naver, ni nzuri, na wageni wengi wanakuja nayo. Kwenye menyu na risiti inatosha. Lakini baridi ya juu inamaliza betri, na hakuna anayevua glavu mbili atafsiriwe kwamba asinywe maji ya barafu. Simu ina kazi yake baada ya safari: Wakorea hawapo sana WhatsApp, wapo KakaoTalk, na wakitafuta safari wanasoma blogu za Naver. Mgeni akikuandika humo kwa jina, msimu unaofuata kuna familia inakuulizia wewe, siyo ofisi. Hilo kwangu limezidi hata nyongeza ya malipo ya siku.

Kasoro zipo. Makundi makubwa huja na kiongozi wao kutoka Seoul, na ofisi ikishaona hivyo haioni haja ya kukulipa nyongeza. Pesa iko kwa familia, wanandoa na wastaafu wanaokuja wachache wachache. Pia huwezi kuishi kwa Wakorea peke yao. Msimu wao mkubwa ni Julai na Agosti, likizo za baridi za Desemba hadi Februari, na sikukuu ya Chuseok ikiangukia Septemba au Oktoba. Katikati ya hapo unarudi kwenye Kiingereza chako.

Wadogo zangu wananiuliza kuhusu kwenda Korea kufanya kazi kiwandani. Mpango wao wa vibali vya ajira, ulioanza 2004, unachukua wafanyakazi kutoka nchi za Asia zilizosaini makubaliano. Nchi ya Afrika hakuna. Kwa hiyo anayekuchangisha fedha akisema "jifunze Kikorea, ufaulu, uende kiwandani", achana naye. Njia iliyo wazi kwetu ni masomo: ufadhili wa serikali yao, GKS, unakupa mwaka mzima wa lugha kabla ya shahada, na unatakiwa ufike ngazi ya tatu ya TOPIK, mtihani wa lugha ya Kikorea, ndipo uanze chuo. TOPIK ina ngazi sita na matokeo yanadumu miaka miwili. Ngazi mbili za mwanzo zinapima kusikiliza na kusoma tu, ndiyo maana hakuna ofisi ya safari iliyowahi kuniuliza cheti; wananipa simu, wanasema ongea na mgeni.

Kuhusu miradi yao hapa nyumbani, kama treni za SGR za Hyundai Rotem au hospitali ya Mloganzila iliyojengwa kwa mkopo wao, usitegemee kuajiriwa kwa sababu ya lugha peke yake. Wanatafuta fundi, muuguzi, mhandisi. Ukiwa mmojawapo na Kikorea kikawa juu yake, sogea.

Kwa aliye kwenye utalii ninatoa nyota nne, moja nimeikata kwa ufupi wa msimu. Anza Machi mvua zikishika, ofisi zikiwa kimya mpaka Mei. Kwanza herufi, halafu namba na saa, halafu maneno ya mwili na maumivu. Salamu za tamthilia zitakuja zenyewe.