Seti ya matone ya ndoo: inafaa wapi kwa bustani ya nyumbani Mwanza, na inakwama wapi

Bustani ya nyumbani inayoanzishwa Septemba, miche ikiwa kitaluni ili ikutane na mvua za vuli, mara nyingi hufia kwenye maji kabla wadudu hawajaifikia. Miteremko ya Isamilo, Bugando, Mabatini na Bwiru ina udongo wa mchanga uliotokana na granaiti, ule ambao Wasukuma huuita luseni. Unalimika kirahisi lakini hauhifadhi maji. Ukimwaga ndoo nzima kwa mkupuo, sehemu kubwa inazama chini ya mizizi na nyingine inateremka kwa jirani. Seti ya matone ya ndoo, yaani ndoo iliyoinuliwa inayotoa maji tone kwa tone kupitia mipira yenye matundu, ilibuniwa kwa hali ya namna hii, na ndiyo tunayoipima hapa kwa familia yenye matuta machache nyuma ya nyumba, inayochota maji kwa madumu au inayotegemea bomba lenye mgao.

Tuanze na hukumu. Kwa sukuma wiki, chainizi kubwa, nyanya, hoho, bamia na biringanya, nunua. Kwa mchicha, usinunue. Mchicha hupandwa kwa kusia, miche imebanana tuta zima, na matundu ya mpira yameachana sentimita 30. Utapata visiwa vya mchicha mzuri na katikati yake majani ya njano. Mchicha na figiri vimwagilie kwa keni yenye kichwa cha matundu madogo.

Seti kamili ina ndoo ya lita 20 yenye mfuniko, kiungio cha kupita kwenye ndoo pamoja na gaski zake mbili, koki, chujio, kipande cha mpira mkuu, viungio vya kugawa, na mipira miwili ya matone yenye urefu wa mita 15 kila mmoja. Jumla ni mita 30 na matundu kama 100. Ndoo inakaa mita moja juu ya ardhi, na uzito wa maji yenyewe ndio unaoyasukuma. Hakuna pampu wala umeme.

Dukani, omba boksi lifunguliwe kabla hujalipa. Kwanza pima nafasi ya matundu kwa rula, maana kuna mipira ya sentimita 10 na 20 pia, na hiyo itamaliza ndoo yako kwenye mita chache za mwanzo. Pili, angalia unene. Mpira wa mikroni 150 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) ni mwembamba na hauvumilii jembe, jua wala miguu ya watoto. Wa mikroni 200 na kuendelea unastahili nyongeza ya bei. Tatu, na hapa ndipo wengi wanaumizwa, hakikisha hujauziwa mpira wa mashamba makubwa wenye matundu yanayojirekebisha kwa presha. Matundu hayo yanahitaji presha ya pampu au ya tangi lililoinuliwa juu sana. Ndoo iliyoinuliwa mita moja inatoa sehemu moja ya kumi ya baa (kipimo cha presha), kwa hiyo matundu hayo yatabaki yamefunga au yatatoa maji bila mpangilio. Muuzaji akikuambia "yote ni dripu tu", muulize inaanza kufanya kazi kwa presha gani. Akishindwa kujibu, nenda duka lingine. Mwisho, chujio lazima liwe la kufunguka. Lililogandishwa kwa gundi litakuwa takataka mara ya kwanza likiziba.

Ufungaji unachukua asubuhi moja. Tundu la ndoo litobolewe ubavuni, sentimita 2 au 3 juu ya kitako, ili mashapo yabaki chini yasiingie kwenye mipira. Usitoboe kwa kisu. Tumia kipande cha bomba la chuma kilichopashwa moto, chenye kipenyo kinacholingana na kiungio, kisha usawazishe kingo. Gaski moja inakaa ndani na nyingine nje. Kaza kwa mkono, halafu robo mzunguko kwa spana. Ukikaza kupita hapo plastiki inapasuka, na ufa wa ndoo hauzibiki vizuri hata kwa gundi.

Stendi ni rahisi kwa mji wenye mawe kama huu: panga mawe bapa hadi mita moja, yakae bila kutikisika. Ndoo iliyojaa ina kilo 20, na ikianguka kutoka urefu huo inaumiza mtoto vibaya. Ukitumia fito, zifunge pembe nne na kuweka mkingamo. Familia nyingi huweka ndoo kwenye kiti au kwenye tofali mbili, halafu zinalalamika kwamba seti ni mbovu. Ukishusha ndoo hadi nusu mita, nguvu ya kusukuma maji inapungua nusu, na matundu ya mwisho ndiyo yanayokosa.

Mteremko unadai hesabu. Laza mipira kwa kukata mteremko, kila mpira ukifuata usawa mmoja. Mpira ukiushusha mteremkoni, mwisho wake ukawa nusu mita chini ya mwanzo, miche ya chini itapata maji zaidi kwa takriban moja ya tano kuliko ya juu. Ukiupandisha kiasi hicho hicho, ya mwisho itapungukiwa kwa karibu theluthi moja. Matundu yatazame juu, ili uchafu ulale chini ya mpira na maji yatoke upande wa juu. Kama kiwanja hakina mita 15 zilizonyooka, na Mabatini ni vigumu kuzipata, kata mipira iwe mitano ya mita 6 na uiunganishe kwenye mpira mkuu. Viungio vya ziada vitahitajika, ila mipira mifupi hugawa maji kwa usawa zaidi.

Kabla ya kupanda, fanya jaribio la vikombe. Weka kikombe kinachofanana chini ya tundu la kwanza, la katikati na la mwisho la kila mpira, jaza ndoo, fungua koki, na linganisha baada ya dakika 20. Kikombe cha mwisho kikiwa na chini ya robo tatu ya cha kwanza, tafuta sababu: ndoo iko chini, mpira umejikunja, au kuna tundu limeziba. Rudia jaribio hili kila mwezi. Jani likianza kunyauka, tayari umechelewa.

Sasa suala la kiasi cha maji. Maelekezo ya kawaida ya seti hizi ni ndoo mbili kwa siku, asubuhi na jioni. Lita 40 kwa matundu 100 ni mililita 400 kwa kila tundu. Kwa mche uliotoka kitaluni hiyo inatosha kabisa. Kwa nyanya iliyofunga matunda mwishoni mwa Januari, jua likiwa kali na mvua zimekatika, haitoshi. Mimea iliyokomaa, ikifunika ukanda wa nusu mita kwenye mipira yote miwili, ni mita za mraba 15. Jua la siku nzima likinyonya milimita 5, hizo ni lita 75, yaani ndoo karibu nne. Kwa hiyo panga hivi: ndoo mbili kwa siku katika wiki tatu za kwanza baada ya kuhamisha miche, tatu mimea inapotanuka, nne wakati wa kuzaa. Kwenye luseni zigawe asubuhi, adhuhuri na jioni, maana maji mengi kwa wakati mmoja yanashuka moja kwa moja chini, na duara la unyevu huwa jembamba kuliko kwenye udongo mweusi wa mbuga. Nyanya zipandwe sentimita 60, kila mche upate matundu mawili. Ukiweka mche kwenye kila tundu utapata msitu wa majani na matunda madogo.

Hata ndoo nne kwa siku ni nafuu ukilinganisha na keni inayolowesha tuta lote pamoja na njia za katikati. Faida nyingine haionekani haraka: magugu yanaota machache, kwa sababu nafasi kati ya mistari inabaki kavu.

Udongo wenyewe usipotengenezwa, seti haitauokoa. Changanya ndoo moja ya samadi iliyoiva kwa kila mita mbili za tuta, sentimita 20 za juu. Baada ya kupanda, tandaza maganda ya mpunga kutoka mashineni au nyasi kavu, unene wa sentimita 5, juu ya mpira na kuzunguka shina bila kuligusa. Matandazo haya yanaukinga mpira dhidi ya jua, na mpira uliofunikwa hudumu zaidi. Magugu maji kutoka ziwani yanafaa kutandazwa chini ya nyanya na hoho yakiwa yamekauka kabisa. Karibu na mboga za majani tusingeyaweka, hasa yakiwa yametolewa kwenye ghuba zinazopokea maji machafu ya mji, kwa sababu mmea huo unanyonya na kulimbikiza metali nzito.

Udhaifu mkubwa wa seti hii kwa Mwanza ni kuziba. Maji ya bomba ya MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, yamesafishwa, na kwayo chujio linahitaji kuoshwa mara moja kwa wiki. Maji yanayochotwa ziwani moja kwa moja ni jambo jingine. Ziwa Victoria lina mwani mwingi, na majira fulani maji ya ufukweni yanakuwa ya kijani. Mwani huo unapita kwenye chujio dogo, unafia ndani ya mpira na kuganda kwenye matundu. Funga kitambaa cha pamba, kipande cha kanga iliyochakaa kinafaa, kwenye mdomo wa ndoo kila unapojaza. Osha chujio kila baada ya siku mbili. Kila wiki fungua ncha za mipira na uache maji yapite hadi yatoke safi. Ndoo nyeupe inapitisha mwanga na kuotesha mwani ndani yake, hivyo chagua nyeusi au ipake rangi kwa nje. Mfuniko usikose, vinginevyo umefuga mbu.

Kwa wanaotegemea ziwa, ni bora zaidi maji yakae kwenye pipa au simtanki lililofunikwa kwa siku mbili kabla ya kutumika. Mashapo yanatuama, na vijidudu vya kichocho vilivyomo hufa maana bila mwili wa kuingia haviishi muda mrefu. Anayechota asiingie majini hadi magotini. Achote kutoka juu ya mwamba au gati, kwani kichocho hupenya kwenye ngozi. Bustani yenyewe iwe mbali na ukingo: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezuia shughuli za kibinadamu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa.

Mbolea inaweza kupita kwenye ndoo, lakini si kila mbolea. Urea inayeyuka yote: vijiko viwili vya chakula vilivyofutwa kwenye lita 20, mara moja kwa wiki kuanzia wiki ya tatu, kisha nusu ndoo ya maji safi kusafisha mipira. DAP na CAN zinaacha masalia na zitaziba matundu. Hizo zichimbie udongoni pembeni ya mche. Maji ya samadi yaliyolowekwa usiyapitishe kabisa, hata ukiyachuja mara tatu.

Mengineyo ni madogo. Panya hutafuna mpira wakitafuta maji kiangazi, hasa ukiachwa mtupu na mlaini juani. Jembe litaukata siku moja. Weka akiba ya viungio viwili vya kuungia, kata sehemu iliyoharibika na uunge. Kwa wadudu seti haina msaada mkubwa. Kantangaze, nondo ambaye viwavi wake hutoboa majani na matunda, ataingia kwenye nyanya kama kawaida, na utitiri mwekundu hupenda zaidi majani makavu yenye vumbi, hivyo kagua upande wa chini wa majani kila baada ya siku mbili tatu. Faida ipo kwenye magonjwa ya ukungu: majani hayaloweshwi na umwagiliaji, na bakajani inakosa njia moja ya kuingilia. Njia ya mvua inabaki wazi.

Mvua za vuli zikianza Oktoba usiiondoe seti. Vuli ya Mwanza ina mapengo ya wiki nzima bila tone, na miche michanga kwenye luseni haivumilii zaidi ya siku chache. Chimba kidole hadi kiungo cha pili karibu na shina: pakiwa na unyevu, acha koki imefungwa. Matuta yainuliwe sentimita 15 hivi, maana mvua moja kubwa inaweza kufukia mipira kwa mchanga uliosombwa kutoka juu. Sukuma wiki iliyohamishwa mwanzoni mwa Oktoba huanza kuchumwa kati ya wiki ya sita na ya nane, na nyanya huanza kuiva siku 70 hadi 80 baada ya kuhamishwa, yaani katikati hadi mwishoni mwa Desemba. Januari na Februari, mvua zikipungua, ndiyo miezi seti inapolipa gharama yake. Sukuma wiki inaendelea kutoa majani wakati bustani za keni zimeanza kukomaa na kuwa chungu.

Masika yakikolea Machi, fungua ncha, suuza mipira na uining'inize mahali penye kivuli ikiwa imeviringwa kwa duara pana. Usiikunje. Mkunjo wa miezi mitatu unageuka ufa, na mpira uliopasuka hapo huanza kuvuja Juni, siku ya kwanza ukiurudisha kazini.