Uzoefu wangu na fonti ya Noto Sans Anatolian Hieroglyphs

Zamani nikiandaa masomo kuhusu Waluwi, watu wa Anatolia ya kale, yaani Uturuki ya leo, kila ishara ya maandishi yao niliibandika kama picha. Ukitafuta neno kwenye faili, kompyuta haioni kitu. Siku hizi natumia fonti hii, ni ya bure, na kwa kazi yangu inafaa sana, ilimradi ujue inaishia wapi.

Ishara zenyewe ziliingia kwenye Unicode, ule mfumo wa kimataifa unaoipa kila herufi au ishara namba yake kwenye kompyuta, mwaka 2015, toleo la 8.0, jumla yake 583. Nilichokipenda zaidi ni majina. Kila ishara imepewa namba ya orodha ya ishara hizi ya mtaalamu Mfaransa Emmanuel Laroche ya mwaka 1960: A001, A002 na kuendelea. Sauti za ishara hazikuwekwa kwenye majina, na hapo walitumia akili. Namba 376 na 377 zilisomwa i na ī kwa miaka mingi, mpaka wataalamu wakaonyesha miaka ya 1970 kwamba ni zi na za. Unicode ikishapitisha jina hailibadilishi tena. Fikiria kama wangekosea hapo!

Niliijaribu kwa maandishi ya mawe ya Karatepe, ngome ya kale kusini mwa Uturuki, pale mtawala Azatiwada anapojitambulisha: "Mimi ni Azatiwada". Ile ishara ya "mimi", mtu anayejielekezea mkono, inatoka safi hata ukiikuza kwa projekta. Vidole tu ndivyo vinakuwa vizito ukiipunguza sana.

Mpangilio ndio unaopotea. Kwenye jiwe ishara hupandana, mbili au tatu juu kwa chini, na mstari mmoja ukienda kushoto unaofuata unarudi kulia kama ng'ombe wa plau, na nyuso za watu na wanyama zinageuka nao. Kwenye skrini zote zinapanga foleni kutoka kushoto. Unicode hailengi kuchora jiwe, inahifadhi ishara, kwa hiyo silalamiki sana.

Kuchapa ndiko kunachosha. Kibodi yangu haina ishara hizi, nimejitengenezea jedwali la kunakili na kubandika. Ukimtumia mtu mwenye simu ya zamani, ataona visanduku vitupu, basi mtumie PDF yenye fonti ndani.

Kwa mwanafunzi anayetaka kuona jiwe lilivyo, bado naweka mchoro, na chini yake mstari wa ishara zinazotafutika.