Mwaka mmoja na Airflow ya kukodi: uzoefu wangu kutoka Tanga

Ukisema hapa Tanga kwamba kazi yako ni mabomba, swali la kwanza ni kama umepata ajira Chongoleani. Nimeshachoka kueleza. Bomba lile la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, linaloishia huko, lina kilomita 1,443 na unaweza kulishika kwa mkono. Mabomba yangu mimi ni skripti 14 za Python zinazobeba mauzo ya maghala matano usiku, kutoka Muheza, Korogwe, Lushoto, Handeni na hapa mjini, hadi kwenye ripoti moja ambayo Mzee, bosi wetu, huisoma kabla hajamaliza chai yake.

Kwa miaka mingi kazi hiyo ilifanywa na kompyuta moja iliyokaa chini ya ngazi za ofisi yetu Ngamiani, ikiamshwa na cron, programu ya kuanzisha kazi saa ikifika. Umeme ukikatika usiku, asubuhi hakuna ripoti. Mwanzoni mwa 2024 tukahamishia data yote kwenye wingu la Amazon, na hapo likazuka swali ambalo sikuwa nimelifikiria vya kutosha: nani atazipanga hizi kazi foleni? Cron inajua saa tu. Haijui kwamba faili la Lushoto halijafika, wala kwamba hesabu ya stoo isianze mpaka mauzo ya maghala yote yawe yameingia.

Nilitaka Airflow, programu ya kuratibu kazi za data ili zifuatane inavyotakiwa. Ilianzia Airbnb mwaka 2014, sasa iko chini ya shirika la Apache, na programu yenyewe ni ya bure. Bure ya kupakua lakini, si bure ya kulea. Ina kipanga ratiba, ina hifadhidata yake, ina ukurasa wa kuitazama, ina programu za kutekeleza kazi ziitwazo wafanyakazi, na kila kimoja kinaweza kuanguka kwa wakati wake. Mimi niko peke yangu kwenye idara, na idara yenyewe ni meza moja. Kwa hiyo ikawa lazima tukodi iliyolelewa na mwingine. Google wana Airflow ya kukodi iitwayo Composer, Amazon wana yao iitwayo MWAA. Data ilikuwa tayari kwa Amazon, sikuona sababu ya kuihamisha mara ya pili kwa ajili ya mratibu tu.

Ila ndani ya Amazon kwenyewe kuna mshindani, Step Functions, huduma yao nyingine ya kuratibu kazi, na hapa ndipo nilipobanwa. MWAA wakati ule ulikuwa unailipia kwa saa, ifanye kazi isifanye. Tulipoanza, mazingira ya daraja dogo yalikuwa karibu nusu dola kwa saa kwa bei ya kituo chao cha Virginia, Marekani, yaani zaidi ya dola 350 kwa mwezi, na hakukuwa na kitufe cha kuyazima kwa muda; ilikuwa ni kuyafuta kabisa au kuyalipia. Step Functions inalipisha kwa hatua, dola 0.025 kwa hatua 1,000, na hatua 4,000 za kwanza kila mwezi hazilipiwi. Skripti zangu 14, kila moja tuseme hatua 12, usiku 30: hatua 5,040. Toa zile za bure, bili ya kuratibu haifiki shilingi 100.

Dada wa uhasibu aliziangalia karatasi mbili, akaniangalia mimi. "Yaani kaka, tunamlipa mlinzi laki tisa alale, na kuna wa shilingi mia anayekesha?"

Sikuwa na jibu zuri siku ile. Nilisema kitu kuhusu Python, kwamba kwenye Airflow ninaandika ratiba kwa lugha ninayoijua na faili zile zile naweza kuzibeba kesho kwa mtoa huduma mwingine. Ni kweli, lakini haikumgusa. Mzee akaidhinisha miezi mitatu ya majaribio, nadhani kwa kunionea huruma.

Ijumaa tarehe 10 Mei 2024, jioni, nikauwasha mtiririko wa ripoti, yaani mfuatano wa kazi zake ndani ya Airflow. Tarehe ya kuanzia nilikuwa nimeandika 1 Januari, kwa mazoea tu. Airflow ya toleo lile ina mpangilio uitwao catchup, na usipoukataza mwenyewe, inahesabu siku zote zilizopita tangu tarehe ya kuanzia na kuziendesha zote. Mtiririko ule hatua yake ya mwisho ni kumtumia kila meneja wa ghala meseji ya mauzo ya siku. Zikaondoka siku 130, kumi na sita kumi na sita kwa mkupuo. Wafanyakazi wa wingu wakaongezeka wenyewe kubeba mzigo na ulipokwisha wakapungua wenyewe, waja leo waondoka leo kama wageni wa mji wetu, nami nimekodoa macho kwenye skrini nikishindwa kupata pa kusitishia. Simu ya kwanza ilitoka kwa mama wa ghala la Korogwe. Sijamaliza shikamoo ananiuliza: "Mwanangu, simu yangu imerogwa au ni wewe?"

Ni mimi. Kosa lote langu, limeandikwa kwenye nyaraka za Airflow kwa mtu anayesoma. Andika catchup=False kabla ya kitu kingine chochote, na hatua ya meseji uiweke mwisho kabisa wa majaribio.

Jumapili yake, tarehe 12, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikakatika na intaneti ya nchi nzima ikawa ya kusuasua kwa siku kadhaa. Maghala yaliendelea kuuza, faili zikarundikana kwenye kompyuta za huko. Zilipoanza kufika zilikuja bila mpangilio, Muheza leo, Handeni kesho, Lushoto ya mwisho. Enzi za cron hili lingenigharimu wiki, kwa sababu skripti za zamani zilikuwa zinachukua mauzo ya "jana". Ukiiendesha Jumatano inakuletea ya Jumanne, basi. Ya Jumapili ukaitafute kwa mkono, ufungue skripti, ubadilishe tarehe, ukisahau kuirudisha umeharibu na kesho.

Airflow inaipa kila zamu tarehe ya data yake. Zamu ya Jumapili itabaki ya Jumapili hata ukiiendesha mwezi ujao. Kwa hiyo nilifungua ukurasa wake, nikachagua siku 3 zilizoharibika, nikabofya Clear, kitufe cha kufanya zamu ziendeshwe upya, nikaenda kunywa kahawa. Ile ile tabia ya kurudi nyuma iliyoniaibisha Ijumaa ndiyo iliyokuwa ikinifanyia kazi. Kuna sharti moja: skripti ifute kwanza rekodi za siku ile ndipo iandike upya. Ikiongeza tu, kila marudio yanazidisha mauzo, na Mzee atafurahia faida isiyokuwepo.

Step Functions unaweza kuirudisha nyuma pia, lakini tarehe uipitishe mwenyewe na uwe na daftari lako la kujua siku ipi ilifaulu na ipi bado. Nililijaribu daftari hilo, na nilipoona nimeanza kujenga Airflow ndogo ya uongo nikaacha.

Nimeipa nyota 4. Ya tano imeliwa na bei, pamoja na mwendo: kujenga mazingira mapya ni dakika 20 hadi 30, na ukiongeza maktaba ya Python subiri tena. Jaribu kwanza kwenye kompyuta yako kwa Docker, programu ya kuendeshea programu nyingine ndani ya kasha lake. Amazon wametoa mfano wao wa kufanyia hivyo.

Halafu kuna saa. Airflow inahesabu kwa UTC, saa ya kimataifa, sisi tuko saa 3 mbele, na Mswahili naye ana saa yake. Kijana wa mafunzo aliambiwa ripoti itoke saa 12 asubuhi, akaandika 12. Ikatoka saa 9 alasiri. Siku hizi kila mtiririko una Africa/Dar_es_Salaam ndani yake, na ratiba tunaziandika kwenye karatasi kwa saa zote mbili.

Namba za simu za wateja hatuzipeleki wingu zikiwa wazi. Tunazibadilisha kuwa msimbo hapa hapa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, ina masharti ya kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi.

Mwezi uliopita nilihamisha mitiririko 3 isiyotegemea tarehe kwenda Step Functions: kusafisha folda, kukagua nafasi, kupiga nakala. Dada wa uhasibu anataka kujua zile skripti 11 zilizobaki zitafuata lini. Ana mikopo ya stoo anayotaka ipangwe upya tangu Januari, siku kwa siku. Nimemwambia tuanze na hiyo.